Panya Mzima Ndiye Kipimo cha Bakuli la Paka

Panya mdogo ana uzito wa gramu 20 hadi 25. Karibu asilimia 70 ya uzito huo ni maji. Ukiyatoa maji, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni protini, yanafuata mafuta, kisha madini ya mifupa. Wanga ni wa kuokoteza tu, ule mchache uliomo kwenye ini, kwenye misuli na tumboni mwa panya mwenyewe. Nguvu yote iliyomo ndani yake ni kama kilokalori 30. Paka wa kilo 4 anayeishi kwa kuwinda hula panya wanane au zaidi kwa siku, mmoja mmoja, usiku na mchana, na humla pamoja na kichwa, moyo, maini, damu na mifupa.

Naanza na panya kwa sababu karibu kila kosa katika kulisha paka huonekana wazi ukilipima na mnyama huyo. Paka wa nyumbani ametokana na pakamwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, na ndani ya tumbo bado ni yuleyule. Vizazi na vizazi vya wahenga wake vilikula mawindo matupu, mwili ukaacha kujitengenezea vitu ambavyo nyama ilivileta tayari. Mbwa amebaki na karakana zake na anaweza kujitengenezea mengi. Paka amezifunga zake, na anachokosa kwenye bakuli hakipati kwingine kokote.

Karakana zilizofungwa

Taurini ndiyo ya kuijua kabla ya nyingine zote. Ni asidi ya amino inayopatikana kwenye nyama na samaki, kwa wingi kwenye moyo na kwenye misuli myeusi inayofanya kazi sana. Nafaka haina. Wanyama wengi huiunda wenyewe kutokana na asidi nyingine za amino zenye salfa. Paka huunda kidogo mno, na hicho kidogo hakidumu, kwa kuwa nyongo yake haina budi kuungana na taurini ili ifanye kazi. Mnyama mwingine akipungukiwa hutumia glisini, asidi nyingine ya amino, badala yake, paka hawezi. Kila siku sehemu ya taurini hupotea kwenye kinyesi, na chakula kisipoirudisha, akiba huisha polepole bila dalili yoyote ya nje.

Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka aliyekosa taurini retina zake, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, hufa na hatimaye hupofuka. Mwaka 1987, Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha jambo lililoshtua zaidi: ugonjwa wa moyo kutanuka na kulegea, uliokuwa ukiua paka wengi, ulitokana na upungufu huohuo, tena kwa paka waliokuwa wakila vyakula vya dukani vilivyohesabiwa kuwa kamili. Watengenezaji waliongeza taurini na ugonjwa huo ukawa nadra. Moyo ukiwahiwa huweza kupona. Retina iliyokufa hairudi.

Viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama, vinavyofuatwa Marekani, vinataka angalau asilimia 0.1 ya taurini kwenye chakula kikavu na asilimia 0.2 kwenye chakula cha kopo, vyote vikihesabiwa bila maji. Tofauti hiyo ina sababu. Joto la kupika ndani ya kopo hubadilisha protini, na bakteria wa utumbo huharibu taurini nyingi zaidi kabla mwili haujaifaidi. Hapa ndipo lilipo tatizo la kumpa paka chakula cha mbwa. Akila siku moja hatadhurika. Akikila miezi kadhaa moyo unaweza kulegea, na kwa kipindi chote hicho manyoya yataendelea kung'aa.

Arginini, asidi nyingine ya amino, nayo inaonyesha jinsi mwili huu usivyo na nafasi ya kukosea. Mlo mmoja tu wenye protini lakini usio na arginini hupandisha amonia kwenye damu ndani ya saa chache: paka hudondosha mate, hutapika, hupata degedege, na anaweza kufa. Nyama yoyote ina arginini ya kutosha, kwa hiyo jambo hili halitokei kwa mlo wa kawaida. Linaweza kutokea kwa mlo uliotungwa kwa kubahatisha.

Protini kwa jumla huchomwa mfululizo. Ini la paka halipunguzi kasi ya kuivunja protini siku chakula kinapokuwa na kidogo, na ikikosekana kwenye bakuli hukatwa kwenye misuli. Kima cha chini cha AAFCO ni asilimia 26 ya uzito mkavu kwa paka mzima na 30 kwa mtoto au jike mwenye mimba. Hicho ni kima cha kuzuia upungufu tu. Kwa paka mwenye afya, mimi hutafuta chakula chenye asilimia 40 au zaidi.

Karoti hazimsaidii paka, kwa maana hawezi kugeuza beta-karotini, ile rangi ya karoti, kuwa vitamini A. Lazima aipate ikiwa tayari, na hazina yake ni maini. Ila maini nayo yana mpaka. Paka anayelishwa maini kila siku kwa miezi hujaa vitamini A kupita kiasi, mifupa ya shingo huota vinundu na kuungana, mpaka ashindwe kugeuza kichwa ajirambe mgongo. Maini yasizidi sehemu 5 kwa 100 za chakula chake. Vilevile hapati vitamini D ya kutosha kwa kuota jua, haundi niasini (vitamini B3) ya kumtosha, na mafuta ya mimea hayampi asidi arakidoniki anayoihitaji. Huipata kwenye mafuta ya wanyama.

Wanga si sumu kwake, na wanaosema hivyo wanatia chumvi. Paka humeng'enya wanga uliopikwa vizuri, ingawa mate yake hayana kimeng'enya cha kuuvunja na kongosho lake linatoa kidogo. Utamu wenyewe hauonji kabisa, maana jeni ya kipokezi chake imeharibika. Akivutiwa na keki, amefuata siagi.

Gramu ngapi

Swali hili hujibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe hufanyika kwenye kikokotoo cha simu. Chukua uzito wa paka kwa kilo na uuzidishe: kilo mara kilo mara kilo. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo tena, halafu zidisha kwa 70. Kwa paka wa kilo 4: 4 × 4 × 4 ni 64, kipeuo chake 8, kipeuo cha 8 ni 2.83, mara 70 ni kilokalori 198. Hizo ndizo anazotumia akiwa amelala tu. Zidisha kwa 1.2 kama amehasiwa, kwa 1.4 kama hajahasiwa, kwa 2.5 kama ni mtoto anayekua.

Paka wetu wa kilo 4 aliyehasiwa anahitaji basi kama kilokalori 238 kwa siku, yaani wale panya wanane. Chakula kikavu chenye kilokalori 380 kwa gramu 100 kitamtosha gramu 63. Cha kopo chenye kilokalori 85 kwa gramu 100 kitamtosha gramu 280. Ukichanganya nusu kwa nusu, mpe gramu 31 za kikavu na 140 za kopo.

Gramu 63 za punje ni chache mno machoni, na ndiyo maana paka wengi wanaokula chakula kikavu ni wanene. Ukizidisha gramu 10 tu umeongeza kilokalori 38, karibu asilimia 16 ya siku nzima. Kikombe cha kupimia hukosea kiasi hicho kwa urahisi. Tumia mizani ya jikoni, pima mgawo wote wa siku asubuhi uuweke kwenye chombo kimoja, na kila anayemlisha paka achote humo humo. Vitafunwa navyo vimo kwenye hesabu, na visizidi sehemu ya kumi ya kilokalori za siku.

Jibu la kikokotoo ni la kuanzia tu. Paka wawili wa uzito mmoja wanaweza kutofautiana sana, kwa hiyo mpime kila baada ya wiki mbili (panda mzani ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa) na uongeze au upunguze asilimia 10. Mikono nayo isaidie. Papasa mbavu zake. Zikihisiwa kama mifupa ya nyuma ya kiganja chako ukikinyoosha, yuko sawa. Zikiwa kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, amekonda. Zikiwa kama upande wa ndani wa kiganja, amenenepa.

Mgawo huo ugawe mara nne au tano kwa siku kama ratiba inaruhusu, na usipungue mara mbili. Tumbo la paka limezoea panya mmoja kwa wakati. Anayekula kwa pupa na kutapika punje nzima dakika chache baadaye mara nyingi hana ugonjwa. Mtandazie chakula kwenye sahani pana au kificheni sehemu mbalimbali za nyumba, akitafute. Paka wakiwa wengi, kila mmoja awe na sahani yake mahali ambapo hamwoni mwenzake. Paka huwinda peke yake, na akila huku anachunguliwa, mwoga hukonda na mbabe hunenepa.

Kuhasiwa hupunguza mahitaji ya nguvu kwa kiasi cha robo, na wakati huohuo njaa huongezeka ndani ya siku chache. Mambo hayo mawili yakikutana kwenye bakuli lisilopimwa, unene hauepukiki. Anza kupima wiki ileile ya upasuaji, usingoje tumbo lining'inie.

Kumpunguza paka mnene kunataka subira kuliko jambo lolote lingine katika makala hii. Hesabu nguvu ya uzito unaoulenga, si alionao, na uzidishe kwa 0.8. Paka wa kilo 6 anayelengwa kufika kilo 5 atapata kama kilokalori 187 kwa siku. Apungue nusu hadi asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki, yaani gramu 30 hadi 60. Ni bora atumie chakula kilichotengenezwa kwa kupunguza uzito, kwa sababu ukipunguza tu chakula chake cha kawaida umepunguza pia taurini, vitamini na protini.

Kamwe usimnyime paka mnene chakula. Akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini kwa wingi ambao ini haliwezi kuumudu, seli zake hujaa mafuta, ufizi na weupe wa macho hugeuka njano, na bila matibabu hufa. Hali hiyo huanzishwa na mambo madogo: amehamishwa nyumba, amebadilishiwa chakula ghafla, amefungiwa mahali, au mtu mmoja ameamua kumkomesha ili azoee chakula kipya. Ule usemi kwamba "akiona njaa atakula" ni wa kweli kwa mbwa. Kwa paka unaua.

Maji

Mhenga wa jangwani alikunywa mawindo yake. Figo za paka hukamua mkojo mpaka unakuwa mzito sana, na kiu yake huchelewa kuamka. Anahitaji kama mililita 50 za maji kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo paka wa kilo 4 ni mililita 200. Gramu 280 za chakula cha kopo, chenye maji asilimia 78, zinampa karibu 218 hata asiponyanyua ulimi kwenye bakuli la maji. Gramu 63 za chakula kikavu zinampa mililita 5. Zilizobaki inabidi azinywe, na paka wa chakula kikavu hunywa zaidi ya mwenzake lakini kwa kawaida hafikii jumla yake.

Mkojo mzito unapokaa kwenye kibofu, fuwele huundwa. Dume ana njia ndefu na nyembamba, fuwele zikichanganyika na ute huiziba. Dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga, anayekakamuka bila kutoa kitu, anayelia na kujiramba chini ya mkia, afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kibofu kilichoziba hupandisha potasiamu kwenye damu, na potasiamu husimamisha moyo. Wengi hudhani amefunga choo na kupoteza siku nzima kwa kumpa mafuta ya kulainisha.

Kumwongezea maji si kazi kubwa. Weka mabakuli mawili au matatu, mbali na chakula na mbali zaidi na mchanga, mapana ili masharubu yasiguse kingo, na uyabadilishe kila siku. Koroga kijiko kikubwa cha maji ya uvuguvugu, mililita 15, kwenye kila mlo wa kopo. Mchuzi wa nyama usio na chumvi wala kitunguu hupendwa sana. Kwa upande mwingine, paka anayeanza ghafla kunywa maji mengi kuliko kawaida yake anatoa taarifa ya figo, kisukari au tezi, na apimwe.

Kama ningelazimika kuchagua jambo moja la kubadilisha kwenye bakuli la paka dume anayekula punje tupu, lingekuwa hili: nusu ya kilokalori zake zitoke kwenye chakula chenye maji.

Kusoma kopo na mfuko

Tafuta kwanza neno linalosema chakula ni kamili kwa rika la paka wako. Kilichoandikwa ni cha kusaidia au cha nyongeza, hata kikiwa nyama tupu ya kuvutia, hakiwezi kuwa mlo wake wa kila siku.

Kisha usilinganishe asilimia za mfuko na za kopo kama zilivyo. Kopo lenye protini 10, mafuta 5, majivu (yaani madini) 2, nyuzinyuzi 0.5 na maji 79 linaonekana dhaifu mbele ya mfuko wenye protini 32, mafuta 14, majivu 7, nyuzinyuzi 3 na maji 8. Toa maji. Kopo lina uzito mkavu wa 21, na 10 gawanya kwa 21 ni asilimia 48 ya protini. Mfuko una 92, na protini yake ni asilimia 35. Wanga hauandikwi mara nyingi, lakini unapatikana kwa kutoa vyote hivyo kutoka 100: kopo linabaki na 3.5, ambayo ni asilimia 17 ya uzito mkavu. Mfuko unabaki na 36, sawa na asilimia 39. Punje haziwezi kushikamana bila wanga, kwa hiyo usitarajie kikavu kisicho nao hata kikinadiwa kuwa hakina nafaka. Humo kuna viazi au jamii ya kunde.

Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa. Nyama mbichi hutajwa mwanzo kwa sababu imejaa maji, na nafaka iliyogawanywa majina matatu hushuka chini ingawa kwa jumla ndiyo nyingi. Isome orodha, ila hesabu ya juu ndiyo uiamini.

Mfuko uliofunguliwa ukunjwe na kubanwa, ukae pakavu pasipo na joto, umalizwe ndani ya wiki sita hivi. Mafuta yake yakichacha paka hukataa, na watu humwita mdeko. Kopo lililofunguliwa lifunikwe, likae kwenye friji siku mbili, tatu zikizidi. Kilichoachwa kwenye sahani kiondolewe baada ya saa mbili, na kwenye joto kali baada ya saa moja.

Samaki, maziwa, nyama tupu

Samaki wengi wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa hao kila siku huanza kukataa chakula, kisha kichwa huinama kidevu kikielekea kifuani, hupepesuka, hupata degedege. Kupika huua kimeng'enya hicho. Samaki mwenye mafuta mengi, hasa jodari, akiwa ndiye mlo pekee huleta shida nyingine: vitamini E inakwisha na mafuta ya chini ya ngozi huvimba na kuuma hata akiguswa tu. Samaki aliyepikwa mara moja au mbili kwa wiki anatosha, bila miiba, bila chumvi.

Maziwa ya ng'ombe yanakunywika, lakini paka wengi wakishaachishwa kunyonya hupoteza uwezo wa kumeng'enya laktosi, sukari ya maziwa, wakaharisha. Hayana kazi ambayo maji na nyama hazifanyi.

Nyama tupu ndiyo inayodanganya watu wenye upendo zaidi. Inafanana na mlo wa asili, ila panya ana mifupa na mnofu hauna. Katika mnofu fosforasi ni nyingi kuliko kalsiamu mara 15 hadi 20, wakati paka anahitaji kalsiamu iizidi fosforasi kidogo. Mwili hufidia kwa kuichota kalsiamu mifupani. Mtoto wa paka aliyelelewa kwa mnofu wa kuku peke yake anaweza kuvunjika mguu kwa kuruka kutoka kitini.

Anayetaka kupika nyumbani ajue anajitwisha kazi ya kumtengeneza panya upya. Kilo moja ya mnofu inataka kama gramu 5 hadi 6 za unga laini wa maganda ya mayai, kijiko cha chai kimoja, ili kalsiamu ilingane. Inataka taurini ya unga, vitamini E, vitamini za kundi B, iodini, zinki na manganizi, maini yasiyozidi kiwango nilichotaja, na mchuzi wote urudishwe kwenye chakula kwa sababu taurini huyeyukia humo. Mapishi yanayoishia kwenye kuku, wali na karoti hayatoshi. Omba daktari mwenye ujuzi wa lishe akukokotolee, utumie mchanganyiko wa vitamini na madini uliotengenezwa kwa ajili ya paka, na usibadilishe kiambato kwa kukisia.

Mbichi siipendekezi. Salmonela na vimelea vya toksoplazma havimdhuru paka peke yake, vinafika kwa mjamzito na mtoto wa nyumba hiyo, na virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vimeshaua paka waliokula kuku mbichi na kunywa maziwa mabichi. Mifupa iliyopikwa pia isiwemo; hupasuka vipande vyenye ncha.

Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, hupasua chembe nyekundu za damu, na unga wao umejificha kwenye vidonge vya mchuzi na mabaki ya mezani. Chokoleti, kahawa, pombe, unga uliokandwa wenye hamira na zabibu visifike mdomoni. Si chakula, lakini niseme: paracetamol kidonge kimoja kinatosha kumuua, na ua la lili (yungiyungi la bustani, si la majini), hata chavua aliyoramba kwenye manyoya, huangamiza figo.

Watoto

Kitoto huzaliwa na gramu 100 hivi na kinatakiwa kuongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Kipime kila siku saa ileile. Siku moja bila kuongezeka ni onyo, siku ya pili ni ya daktari.

Aliyeachwa na mama apewe maziwa ya unga ya watoto wa paka, kwani ya ng'ombe yana protini na mafuta machache mno kwake. Kadiria mililita 20 kwa kila gramu 100 za uzito kwa siku, na mlo mmoja usizidi mililita 4 kwa gramu 100. Wiki ya kwanza ni kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku pia. Wiki ya tatu inaweza kuwa saa nne hadi tano. Maziwa yawe na joto la mwili, nyuzi 38. Kabla ya hapo mguse: akiwa wa baridi, mpashe kwanza taratibu, kwa kuwa utumbo wa kitoto kilichopoa haufanyi kazi na maziwa huchachia ndani. Alazwe kifudifudi kama anavyonyonya, kamwe si chali kama mtoto wa binadamu, maana maziwa yataingia mapafuni. Akimaliza, mfute chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Bado hawezi peke yake.

Kwenye wiki ya nne changanya chakula cha watoto na maziwa yake mpaka kiwe uji, kiweke kwenye kisahani, punguza maziwa polepole, na kufikia wiki ya nane awe anakula chakula kamili. Aendelee na chakula cha watoto mpaka mwaka mmoja. Katika miezi hiyo mwonjeshe kopo na punje, laini na vipande. Aliyekua akijua umbile moja tu la chakula anaweza kulikataa jingine maisha yake yote, hata siku figo zitakapolihitaji.

Jike mwenye mimba huanza kuweka akiba tangu wiki za mwanzo, na akinyonyesha anaweza kuhitaji mara mbili au tatu ya kawaida yake. Mpe chakula cha watoto, ale apendavyo. Ni wakati pekee ambao mizani inapumzika.

Wazee na wagonjwa

Mzee mzima wa afya asipunguziwe protini. Kuanzia miaka 11 au 12 wengi humeng'enya mafuta na protini kwa shida zaidi, na misuli ya mgongo huyeyuka. Akikonda huku anakula sana, tezi ya shingo au kisukari vipimwe. Akishathibitika kuwa na ugonjwa wa figo, kinachopunguzwa kwanza ni fosforasi, kwa chakula maalumu. Kwa kisukari, chakula cha kopo chenye wanga mdogo husaidia sana, na wengine hufikia kutohitaji insulini. Kwa sababu hiyohiyo usibadilishe mlo wa paka anayechomwa insulini bila daktari kujua, sukari inaweza kushuka ghafla.

Badiliko lolote la chakula liende siku 7 hadi 10: robo ya kipya siku mbili au tatu, nusu, robo tatu, kisha chote. Akigoma, rudi hatua moja nyuma na uhakikishe kila siku anakula kitu.

Paka mzima aliyepitisha saa 24 bila kula aangaliwe na daktari. Mnene ndiye wa kuwahiwa zaidi, kamwe asifikishe saa 48. Kitoto cha wiki chache hata saa 12 ni nyingi. Huku ukijipanga, pasha chakula cha kopo mpaka joto la panya aliyekamatwa sasa hivi, nyuzi 37 au 38, kwa sababu paka hukijua chakula kwa pua na chakula cha friji hakinukii. Mfute pua kama imeziba. Tumia sahani bapa, chumba kimya, kijiko kimoja tu kwa wakati. Dawa usiichanganye humo. Ataionja na ataihusisha na chakula chote. Na usimkabe kumlisha kwa bomba la sindano akiwa na kichefuchefu, maana atakichukia chakula hicho hata akishapona, na huenda ndicho pekee anachotakiwa kula.